Bunduki ya Mpini wa Dekio

Leo nimeaibika hadharani, na nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa video. (Simu zilizokuwa zinanirekodi pale kituo cha treni ni nyingi.)

Mnanijua. Mimi ni mama wa mikoba. Nanunua Shiling, soko la ngozi la hapa Guangzhou, natuma Dar, nalala. Bunduki nimeziona mikononi mwa walinzi wa benki tu.

Sasa wiki hii nimepata mteja mpya, Mzee Kisusi wa Tabora. Ana leseni ya uwindaji na kampuni ya kupeleka wageni porini. Anataka begi la ngozi la kubebea raifo yake. Likimpendeza, ataagiza ya kampuni nzima. Nikaona kabisa mwaka wangu umenyooka.

Akanitumia ujumbe wa sauti: "Mama Jeni, nina raifo mbili. Moja ndogo ya zamani, na hii mpya ya risasi nene. Msimu huu nawinda kulungu. Unanishauri begi tulishonee ipi?"

Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikaogopa, akiniona mshamba atakwenda kwa mwingine. Nikajibu, "Chukua kubwa, mzee wangu. Mimi nimekulia kwenye bunduki, baba yangu mdogo alikuwa mwindaji." (Baba yangu mdogo ni fundi saa. Yuko Singida, mzima wa afya, na anaogopa hata mbwa.)

Mzee akafurahi, akanitumia vipimo. Shida ikaja kwa laoban, yule bosi wa kike anayenishonea kule Shiling. Hakati ngozi bila sampuli. Siku zote tunampelekea mkoba, anaupima, anashona wake. Sasa raifo ya Tabora ningeifikishaje huku China? Nikaamua kuitengeneza.

Asubuhi nikang'oa mpini wa dekio langu. Kitako nikakikata kwenye boksi la viatu. Darubini ikawa kopo la spreyi ya nywele. Nikazungushia solotepu nyeusi kote, nikapima urefu, sawasawa. Niliipenda, nikajipiga picha nayo. Nikaifunga kwenye khanga, mimi huyoo, nikashukia metro, treni ya chini ya ardhi.

(Mliokaa Guangzhou mmeshajua kinachofuata. Kila mzigo unapita kwenye mashine.)

Msichana wa ukaguzi akatazama skrini. Akanitazama mimi. Akaita mwenzake. Wakafungua khanga taratibu, na foleni yote nyuma yangu ikarudi nyuma. Hakuna aliyesukumana, na hapa mnajua watu wanavyosukumana.

Akaja askari wa kituo, mtu mzima, mpole. Tukazungumza kupitia simu yake ya kutafsiri.

"Hii ni nini?"

"Sampuli, afande."

"Sampuli ya nini?"

"Ya bunduki."

(Najikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.)

Nikaeleza habari ya begi. Nikaapa sijui chochote kuhusu silaha. Askari akasema sawa, mpigie huyo mteja wako athibitishe. Nikapiga kwa video. Tabora ilikuwa bado alfajiri, lakini mzee yuko macho, anakunywa chai. Askari akauliza, simu yake ikatafsiri: "Mwanamke huyu anajua mambo ya bunduki?"

Mzee Kisusi, Mungu ambariki, akadhani ndiyo nafasi ya kunipigia debe.

"Sana. Huyu ni mtaalamu. Amekulia kwenye bunduki. Ndiye aliyenishauri nichukue ya risasi nene."

Simu ikayasema yote hayo kwa Kichina, kwa sauti ya juu. Askari akaacha kutabasamu.

Nikajua hapa ama nimkose mteja, ama nilale ndani. "Mzee wangu," nikasema, "nilikudanganya. Sijawahi kushika bunduki. Baba mdogo ni fundi saa."

Na hilo nalo simu ikalitafsiri, na fundi saa wake. Askari akanipa ile bunduki yangu, akaniashiria niishike mbele ya kamera, mzee aone. Nikaiweka begani, nikafumba jicho moja, nikalenga mashine ya tiketi. Mzee akasogeza uso kwenye kamera.

"Mama Jeni, darubini umeifunga chini ya mtutu. Unawinda sisimizi?"

Ikatafsiriwa. Msichana wa ukaguzi akaanza kucheka, foleni ikafuata, na mwisho askari mwenyewe akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Kopo wakalichukua, boksi wakalichana, mpini wakanirudishia. Nikaambiwa niende salama.

Mzee alikuwa bado hewani. "Sasa hiyo kubwa ulinishauri kwa msingi gani?"

"Mzee, kwenye mikoba, saizi kubwa ndiyo inayotoka haraka."

Akacheka mpaka chai ikampalia. "Kulungu ukimpiga na risasi ile, nyama yote unaiacha porini. Mimi nakwenda na ndogo. Shona begi la ndogo. Na kuanzia leo ushauri niachie mimi, wewe shona."

Kwa hiyo oda ipo, nashukuru sana. Vipimo vya ndogo alinitumia nikiwa njiani, na laoban akaukata mpini wangu kwa msumeno ufikie urefu huo. Amebaki nao, ndiyo sampuli.

Sasa nimerudi chumbani. Sakafu imejaa vipande vya boksi na solotepu, na dekio halina mpini. Atakayecheka aje adeki.