Mama Mkwe, Mtahini Wangu wa Kifaransa

Jumatatu, 3 Machi
Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mke wangu, nesi, anahamishwa kwenda kufanya kazi miaka miwili katika nchi inayozungumza Kifaransa. Hoteli ya huko iko tayari kunichukua mapokezi, kwa sharti moja: cheti cha Kifaransa cha ngazi ya juu. Bila cheti yeye anakwenda, mimi nabaki hapa na mama yake. Wote wawili nawapenda, lakini si kwa namna moja.

Shida yangu nimekwama ngazi ya kati. Kazini, mapokezi ya hoteli, natamba kwa Kifaransa! Namweleza mgeni kwa nini maji ya moto hayatoki, namtuliza, anaondoka akicheka. Lakini ngazi ya juu hawaulizi habari za maji. Wanakupa makala, kisha utoe hoja: je, upweke unamfaa binadamu? Upweke naujulia wapi? Kwetu tulizaliwa tisa!

Shemeji, mdogo wake mke wangu, anafanya mtihani huohuo. Tunamwita Bwana Kamusi. Kila jioni anasikiliza redio ya Kifaransa na kuandika muhtasari. Maskini. Mimi natumia akili.

Jumatano, 5 Machi
Mpango umepatikana. Kwenye mazungumzo mtahini hukubishia makusudi ili akupime. Sasa, nani duniani ananibishia kumshinda mama mkwe? Kifaransa hajui hata cha kuombea maji, lakini nimemfundisha sentensi moja: *je ne suis pas d'accord*, yaani sikubaliani nawe. Aliishika papo hapo. Kipaji!

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi yamenoga. Mama mkwe anakaa na sinia lake la mchele, anachambua, mimi natoa hoja. Nikimaliza tu, hakubaliani. Nikiongeza sababu, hakubaliani. Kwa lugha yetu sithubutu kumjibu, adabu hainiruhusu. Kwa Kifaransa namjibu mpaka jasho linanitoka. Sijawahi kufurahi hivi tangu nioe.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa amri: kila jioni nikaandike muhtasari na mdogo wake, la sivyo darasa la mama linafungwa. Nikakubali shingo upande.

Jumatatu, 10 Machi
Bwana Kamusi kanipa makala kuhusu watu kuhama miji. Nikaandika muhtasari mtamu, na maoni yangu humo. Akaukata wote kwa kalamu nyekundu! Ati muhtasari hautaki maoni ya mtu. Kijana niliyemfundisha mwenyewe kuendesha baiskeli! Nikaandika upya. Akakata nusu. Nikaandika tena.

Baadaye akaniletea chai, akasema kwa sauti ya chini nijitahidi, maana dada yake anajitia ngangari tu, hataweza kukaa huko bila mimi.

Hata hivyo nimeificha kamusi yake chini ya godoro langu. Mashindano ni mashindano. Ina kona kali, mbavu zinauma.

Jumamosi, 15 Machi
Balaa!

Mama mkwe aliamka mapema akaninyooshea shati. Kuandika kulipita, sikumbuki hata nilichoandika. Kisha mazungumzo. Mtahini mama wa makamo, miwani puani, sauti ya upole. Mada: je, wazee waishi na watoto wao? Nikasema ndiyo, tena nikatoa sababu nzito. Nikakaza misuli, nikangoja pigo.

Akatabasamu. Akasema anakubaliana nami kabisa.

Kukubaliwa sikujiandalia! Mdomo ukafunguka wenyewe, nikamwambia sikubaliani naye. Akainua nyusi. Ikabidi niendelee. Nikazivunja hoja zangu moja baada ya nyingine. Nikasema wazee ni wabishi, nikamtaja mmoja anayenikatalia kila neno akichambua mchele. Hapo nikakumbuka shati. Roho ikanisuta. Nikamtetea kwa nguvu zote, machozi yakilengalenga, nikimkemea yule mtu aliyemsema vibaya. Mtahini akanisogezea maji.

Jumapili, 16 Machi
Nimemweleza mke wangu kila kitu. Hakucheka. Alinishika mkono akasema kama nimefeli ataomba asihamishwe. Kazi aliyoililia miaka yote! Nikamkatalia kabisa. Kisha nikajifungia bafuni, nikafungulia bomba ili asinisikie.

Ijumaa, 28 Machi
NIMEFAULU! Mke wangu kanirukia shingoni mbele ya mama yake, na sikuona haya hata kidogo. Mama mkwe ameanza kutufungia mizigo leo hii. Anafunga, anafungua, anakunja upya, anafunga tena. Hataki kusaidiwa.

Bwana Kamusi naye kafaulu, kwa alama nono. Zangu ni za ajabu. Kuandika: juu sana, hasa muhtasari. Mazungumzo: pale pale ukingoni, chini yake ni kufeli. Ni wazi karatasi zilichanganywa. Kilichonivusha ni mazungumzo, mtoto mdogo anaona.

Hoteli ya huko wameandika. Jumatano watanihoji kwa simu, kisha mkataba. Bwana Kamusi kajitolea tufanye mazoezi. Nimemwambia apumzike. Nimeshakariri hotuba moja safi sana kuhusu mito ya kulalia. Waniulize wanachotaka, nitawarudisha kwenye mito.