Birika la Ukumbi wa Galah Flat

Ijulikane kwa kila mwenye kiu kwamba Serikali, kwa moyo wake mkunjufu na baada ya kushauriana na yenyewe, imemaliza kabisa tatizo la maji moto vijijini.

Hivyo ndivyo lilivyoanza tangazo, na aliyeliandika ni Neville Trembath, Mkurugenzi Msaidizi wa Ofisi ya Ridhaa ya Vifaa Werevu, kanda ya magharibi. Tatizo lenyewe hakuna aliyewahi kulisikia. Watu wa kijiji cha Galah Flat, mia mbili na kumi na wawili, walikuwa na birika lao la ukumbini, la bati, lita thelathini, lenye koki kwa mbele. Unabonyeza swichi, unasubiri, unakunywa chai. Trembath alipolikagua alipigwa na butwaa. Birika halikuwa na skrini. Halikuwa na vigezo wala masharti. Mtu yeyote aliweza kulisogelea akachemsha maji bila kutoa ridhaa ya aina yoyote, na maji yakachemka hivi hivi tu, kana kwamba nchi haina wenyewe.

Basi akawaletea birika jipya kutoka kwa Kampuni moja ya Sydney. Hili lilikuwa na kamera, spika, na sauti ya mwanamke aliyefurahi kupita kiasi. Kabla ya kuchemsha lilimtazama usoni mwenye akaunti, na likimtambua, ndipo linachemsha. La zamani lilichukuliwa kwa hati maalumu na sasa linatunza miavuli ofisini kwa Trembath. Ukumbi nao ukatia saini kwamba jikoni hakitaingia chombo kingine cha kuchemshia maji, iwe sufuria, iwe kikaango, maana usalama na uhuni havikai jiko moja.

Akaunti ilihitaji mwenyewe. Akatafutwa Merle Hockaday, bibi wa miaka sabini na sita aliyekuwa akipika chai ya ukumbi ule tangu siku alipoolewa. Merle alivaa miwani, akaanza kusoma masharti. Trembath akacheka kwa upole.

"Bonyeza tu, mama. Ni mambo ya kawaida."

Merle akabonyeza. Trembath akampiga picha, na kwenye ripoti akamwita Bingwa wa Maji Moto wa Kanda. Ripoti iliwafurahisha sana wakubwa wa Canberra. Miaka minne baadaye cheo cha Mkurugenzi kamili, chenye ofisi inayotazama ziwa, kilikuwa kimebakiza sahihi moja tu kumfikia.

Halafu Merle akafa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, bustanini kwake, mkasi wa waridi mkononi.

Trembath alisikitika kwa dakika nzima. Ya pili ilipoingia alimpigia simu Naibu Katibu Mkuu, Dokta Philippa Straughan, mwenye sahihi ile, akamweleza wazo lake. Wananchi waombolezaji, wenye majonzi, wanafarijika kwa chai kutoka kwenye birika la Bingwa. Picha ya ukurasa wa mbele.

"Jambo lenye hisia," alisema Dokta Straughan. "Hisia nazipenda zikiwa na takwimu. Nitakuja."

Mazishi yakawa Ijumaa. Joto lilikuwa nyuzi arobaini na mbili, upepo unapeperusha vumbi la mashamba ya ngano, na redio imetangaza siku ya marufuku ya moto: huruhusiwi kuwasha hata kiberiti nje. Ibada ilifanyika ukumbini kwa sababu kanisa liliuzwa zamani. Watu mia na arobaini walikaa kwenye viti vya plastiki, wanajipepea kwa vijitabu vyenye picha ya Merle. Mwisho akasimama mumewe, Clarrie, mzee mrefu aliyevaa suti ya harusi yake.

"Merle hakuwahi kumwacha mtu atoke humu bila chai," alisema. Akatafuta neno lingine, hakulipata. "Basi. Msiondoke bila chai. Nawaomba."

Akakaa, akajifuta macho kwa tai.

Jikoni kila kitu kilikuwa tayari. Vikombe vimepangwa, sandwichi za mayai zimefunikwa, na kulikuwa na trei nne za keki za lamingtoni zilizochovywa chokoleti na kugalagazwa kwenye nazi. Dulcie Skerritt, katibu wa kamati ya akina mama, akagusa skrini ya birika.

"Habari za mchana, Merle!" lilisema birika. "Umependeza leo! Sogeza uso wako, tafadhali."

Kijiko kilimponyoka mtu. Akina mama sita walitazamana, kisha wote sita wakamtazama Trembath, aliyekuwa mlangoni anarekebisha kitambulisho chake kifuani.

"Nev," alisema Dulcie, "shughulikia mdude wako."

"Naitwa Neville. Ni hatua ndogo tu ya uhakiki." Akatoa simu, akapiga huduma kwa wateja, akaweka spika ili umma ujionee ufanisi.

Mashine ilimwambia kwamba simu yake ni muhimu sana kwao, ikampigia filimbi dakika kumi na tisa ili ajue ni muhimu kiasi gani. Hatimaye akapokea mwanamke.

"Mwenye akaunti yupo karibu na kifaa?"

Trembath akachungulia ukumbini. Jeneza lilikuwa mita nane hivi. Mtumishi wa umma hasemi uongo.

"Yupo."

"Msogeze mbele ya kamera."

"Amelala."

"Mwamshe basi, bwana."

Dulcie alimpokonya simu. "We mama, amekufa! Ndiyo tunamzika leo hii!"

"Ooh, poleni sana. Kwa suala la kifo, mwenye akaunti anajaza fomu ya kifo, yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe aliyekufa?"

"Ndiyo, kwa ajili ya kumlinda. Watu wabaya, dada. Mtu anaweza kukuzushia kifo ili achemshe maji kwa jina lako. Na usinilaumu mimi, hiyo ni sheria ya Serikali, kifungu cha kumi na nne."

Dulcie alimgeukia Trembath polepole.

"Ni kifungu kizuri," alisema Trembath. Alikijua vizuri. Alikiandika kwa mkono wake, juu ya kitambaa cha meza, kwenye chakula cha mchana ambacho Kampuni ilimwalika, baada ya sahani ya pili ya chaza.

"Nachukua sufuria," alisema Dulcie.

"Bi. Skerritt, ukumbi ulitia saini."

"Watu mia na arobaini wamekaa pale, koo zimekauka!"

"Kiu si sababu ya kuvunja mkataba."

"Tukawashe moto nje?" aliuliza Noreen, aliyeshika trei ya sandwichi, kisha akajijibu mwenyewe, kwani mumewe ndiye mkuu wa zimamoto. Nyumba ya karibu ilikuwa kilomita kumi na moja. Ukumbini watu walianza kukohoa kohoa, ile ya adabu, ya kukumbushia.

Trembath hakukata tamaa. Alichukua kijitabu cha ibada, akakinyoosha mbele ya kamera, picha ya Merle ikitazamana na birika.

"Karibu, Merle!" lilisema birika. Wote wakavuta pumzi. "Tafadhali fumbua macho."

Akakisogeza karibu.

"Tafadhali fumbua macho."

"Hutafaulu," ilisema sauti nyuma yao. Clarrie alikuwa ameingia, kashika kikombe kitupu. "Akicheka, macho yanafunga yote. Na akiona kamera, anacheka. Miaka hamsini na tano natafuta picha ya mke wangu yenye macho, sina hata moja." Akalitazama birika. "Hakuna chai, Dulcie?"

"Itakuwepo, Clarrie."

"Niliwaahidi mbele yake."

"Nimesema itakuwepo! Nenda ukae, mzee wangu."

Alitoka na kikombe chake. Dulcie aligeukia sinki, akafungua bomba, akalifunga, bila kuosha chochote. Hata Trembath alihisi kitu kifuani, akadhani ni sandwichi.

Hapo ndipo akaingia Dokta Straughan, na mpiga picha wake nyuma. "Trembath, chai iko wapi? Ndege yangu ni saa kumi."

"Inakamilishwa kitaratibu, Dokta."

Simu bado ilikuwa hewani. Yule mwanamke akakohoa. "Kuna njia nyingine. Afisa wa Ofisi ya Ridhaa akiwepo hapo akathibitisha kifo, anaweza kusajili mwenye akaunti mpya sasa hivi. Ni dakika mbili."

Trembath aling'aa. Aliwageukia akina mama, akafungua mikono. "Mnaona? Mfumo unafanya kazi. Bi. Skerritt, sogea."

"Mimi? Siwezi."

"Uso si unao?"

"Uso ninao. Tatizo nimesoma masharti."

Trembath alikuwa na miaka tisa katika Ofisi ile, na hakuwahi kukutana na mtu aliyeyasoma.

"Yote?"

"Kurasa sitini na nne. Tulisomeana hapa hapa, Jumanne za kushona mablanketi. Noreen ana sauti nzuri ya kusoma."

"Basi Bi. Noreen."

Noreen alirudi nyuma hatua moja, na wenzake wote wakarudi naye.

Mtu mwingine angeuliza yale masharti yanasema nini. Lakini Trembath alikuwa mtaalamu, na mtaalamu akiuliza anakuwa mwananchi. Dokta Straughan alitazama saa yake, kisha akamtazama yeye, na Trembath aliona ziwa la Canberra likianza kukauka.

"Nitajisajili mimi," alisema. "Kwa muda."

"Nev," alisema Dulcie. "Soma kwanza."

"Ni mambo ya kawaida tu, Bi. Skerritt."

Dulcie akampisha njia.

Trembath alisimama mbele ya birika, akanyoosha shingo.

"Je, umesoma na kukubali vigezo na masharti yote?"

"Nimesoma na nakubali."

"Je, una hakika?"

"Nina hakika kabisa."

"Hongera, Neville! Umependeza leo!"

Na maji yakaanza kuunguruma. Asikwambie mtu, hakuna muziki unaoshinda ule. Akina mama waliruka kila mmoja kwenye nafasi yake, koki ikafunguliwa, vikombe vikapita mkono kwa mkono. Cha kwanza alipelekewa Clarrie. Alikishika kwa mikono miwili katika joto lile la ajabu, akanywa, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu wote. Watu mia na arobaini walikunywa. Wengine waliongeza mara tatu. Mpiga picha alifanya kazi yake, na Dokta Straughan akampiga Trembath begani.

"Safi sana, Mkurugenzi."

Trembath alitaka kumsindikiza kwenye gari. Alipofika mlangoni, birika likapiga king'ora na koki ikajifunga yenyewe.

"Neville! Umekwenda wapi? Mwenye akaunti hatakiwi kuondoka maji yakichemka!"

"Rudi, Nev," alisema Dulcie. "Bado watu hamsini hawajapata cha pili."

"Chukueni nyinyi!"

"Hatuwezi. Ni wewe tu." Dulcie alikuwa ameshatoa kalenda ya ukumbi ukutani, anaandika humo jina la Trembath. "Jumanne, kushona. Jumatano, zimamoto. Alhamisi, wazee. Jumamosi ya kwanza, mnada wa kondoo, hapo uwe hapa saa kumi na moja alfajiri."

"Nahamia Canberra!"

"Merle naye alitaka kwenda Perth kwa dada yake. Miaka minne hakwenda. Julai ile alipopata nimonia, Clarrie alimtoa kitandani na blanketi, akamleta hapa achemshe chai ya mnada, kwa sababu uso uliotakiwa ni wake." Sauti ya Dulcie ilitetemeka, akaiachia itetemeke. "Tukakuandikia barua. Barua sita, Neville."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo.

Trembath alizikumbuka. Alizijibu zote sita kwa jibu moja alilolitunga yeye, kwamba, kwa kifungu cha kumi na nne, ridhaa ni ridhaa, na mwenye akaunti hawezi kujitoa akiwa hai. Alimgeukia Dokta Straughan kwa macho ya kuomba.

"Kuna msamaha wa kiofisi, Dokta. Sahihi yako moja tu."

"Trembath, sheria tumeitunga wenyewe. Tukiivunja wenyewe, wananchi watatuonaje?" Alimalizia chai yake, akampa kikombe. "Tutaanzisha nafasi. Afisa Mkazi wa Maji Moto, Galah Flat. Ya kudumu. Chai nzuri sana. Halafu, kuna lamingtoni ya kubeba?"

Akapewa mbili zimefungwa kwenye karatasi, akaenda zake kuwahi ndege.

Sasa ni Jumanne, mwezi wa nane tangu siku ile. Trembath amepanga chumba nyuma ya duka la vipuri vya trekta, kilomita kumi na mbili kutoka ukumbini. Suti ameiacha, anavaa aproni ya Merle, yenye waridi, aliyopewa na Clarrie. Barua ya kuomba kuondolewa ameandika mara sita. Amejibiwa mara sita, kwa maneno yale yale, na anakiri kwamba yameandikwa vizuri.

"Dulcie," aliuliza leo asubuhi, anapanga vikombe, "mlijua kifungu kile cha kumi na nne nimekiandika mimi?"

"Jina lako lipo ukurasa wa sitini na nne. Ndiyo maana nilikwambia mara moja tu usome. Ungekuwa mtu mwingine ningekushika mkono." Akavuta kiti, akachukua sindano yake. "Haya, washa. Clarrie keshafika, na hapendi kungoja."

Trembath alisogea mbele ya birika. Alifumba macho kidogo, kwa uchovu, kama mtu anayesali.

"Habari za asubuhi, Neville!" lilisema birika. "Tafadhali fumbua macho."