Masikio ya Bandari Katika Maji Mafupi

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, watendaji waandamizi, watendaji wa kawaida, wenza wa watendaji, ndugu wapiga mbizi, na ninyi mlioingia kukwepa jua. Itifaki imezingatiwa, na kama haikuzingatiwa, izingatiwe kuanzia sasa! (Makofi.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wamekiri hawajauona kwa mtu mwingine, kuzindua kwa mara ya tatu Mradi wa Kimkakati wa Sonari Pokezi, yaani masikio ya kisasa yaliyozamishwa bandarini kusikiliza injini za boti ziendazo kasi, ili kengele ilie na vijana wetu wanaosugua matumbo ya meli wajiepushe mapema. Wataalamu wananiambia maji mafupi ni makorofi: mlio wa boti moja unagonga chini, unagonga juu, unarudi kama boti tano. Ndiyo maana tuliunda kamati ya kuchakata mawimbi ya sauti, ikakaa hotelini kwa uzalendo mkubwa, na kelele zimepungua kwa asilimia mia na nne! (Vigelegele kutoka meza ya kamati.)

Namwona dada mpiga mbizi amenyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti. Si hicho, hicho kinafanya kazi. (Kicheko.)

"Shikamoo, mheshimiwa. Juzi boti imempitia mdogo wangu kichwani, yuko wodini, hajafumbua macho. Kengele haikulia. Hayo masikio yapo wapi?"

Marahaba, na pole sana. Nikujibu kitaalamu: mtambo pokezi hautoi sauti, unasikiliza tu, kama mimi ninavyowasikiliza wananchi. Kwa hiyo, dada yangu, ukiona hausikiki, ujue unachapa kazi.

"Tumeshuka kuutafuta, mheshimiwa. Tumepapasa kila nguzo. Hamna kitu."

(Minong'ono. Wapiga mbizi wanainuka, wanaelekea mlangoni.)

Oneni moyo huo! Wenzetu wanawahi kazini!

"Kazini wapi? Leo hazami mtu. Meli zenu mtazisugua wenyewe."

(Mlango unabamizwa.)

Nimelichukua hilo. Sasa wote kwa sauti: Maji mafupi!

(Sauti moja kutoka nyuma: "Maneno marefu!")

Asante, mzee wangu. Nimalizie kwa kuwashukuru wapiga mbizi, hata kama wameondoka, kwa kutuondolea hofu iliyotukosesha raha ofisini, kwamba huenda mtambo umeibwa. Haukuibwa, ndugu zangu! Kitu kisichonunuliwa hakiibiki! (Makofi kutoka meza ya kamati.)