Uso Wangu Kupewa Alama Mbili kati ya Kumi

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Kompyuta,

Ndugu Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUPIMWA UPYA KABLA YA JUMAMOSI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na mwenye aibu kidogo. Mimi sijambo, isipokuwa uso, ambao kama unavyojua umevunjiwa heshima mbele ya wasomaji wako wote.

Jumapili iliyopita ulitoa makala iitwayo "Programu Tatu za Kuzungumzisha Katuni: Ipi Inafaa?" Aliyeiandika ni binti yangu, kitinda mimba wangu, ambaye anatengeneza katuni za masomo ya watoto katika chumba kimoja juu ya duka la fundi simu. Sina ugomvi na kazi yake. Hata shangazi yake, aliyekuwa akisema mtoto anapoteza muda, siku hizi anamtazama yule mbuzi wa katuni anayefundisha kuzidisha, na juzi nimemsikia akimjibu. Ugomvi wangu ni jedwali ulilolichapa chini ya makala.

Kwa faida ya wale waliofungia nyanya gazeti lile kabla ya kulisoma, nieleze. Binti yangu alichukua picha yangu moja, akaiingiza katika programu tatu, kila moja ikaifanya iseme sentensi ileile: "Karibu nyumbani, mwanangu, nimefurahi kukuona." Akazipa alama kwa jinsi midomo inavyofuata sauti, nyusi zinavyokwenda, macho yanavyotulia, na kama mtazamaji anaamini kwamba huyu mtu kweli amefurahi. Hadi hapo ni utaalamu, nakubali. Lakini ili wasomaji wapate cha kulinganishia, akaweka na mtu halisi akisema maneno hayohayo. Mtu huyo ni mimi. Programu iitwayo Katuni Chap imepata tano, Mdomo Tayari saba, Uso Hai tisa. Baba mzazi: mbili. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeelezwa kwamba hizo mbili zenyewe ni za midomo.

Ningenyamaza, maana kusemwa nimezoea. Lakini binti huyu anaondoka Jumamosi saa nne asubuhi kwenda ng'ambo, kwa mkataba wa miaka mitatu. Sitaki aende huko akiwa na baba wa alama mbili. Kwa hiyo nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba, kama tunavyofanya ofisini, na naomba uyasome yote bila kuruka.

1. Kuhusu kazi yangu. Mimi ni karani wa Dirisha Namba Nne katika ofisi ya vitambulisho. Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikipokea picha za waombaji na kuzikataa. Picha ya kitambulisho haitaki mbwembwe: mdomo ufungwe, nyusi zitulie, macho yatazame mbele. Watu hawasikii, wanaleta meno. Kuna bwana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa, nilimrudisha mara tatu na bado alikuwa anang'aa. Wa namna hiyo huwa nawaambia, nitazame mimi, kafanye hivi. Wananitazama, wanavuka barabara kwa mpiga picha, wanarudi wako sawasawa kabisa. Wenzangu wananiita Pasipoti. Nusu ya mji huu ina vitambulisho kwa kuuiga uso wangu, na leo mtoto niliyemlea kwa uso huohuo anaupima kwa vipimo vya mbuzi!

2. Sikuambiwa kwamba ni mtihani. Nilikuwa sebuleni, nimevua viatu, mguu mmoja juu ya kigoda. Akaniambia, "Baba, hebu soma hii kwenye kamera." Nikasoma. Akaniambia, "Sasa sema kama umefurahi." Nikamwambia, ndiyo hivyo nilivyosema. Akanitazama kidogo, akasema "Haya, asante Baba," akazima kamera. Hata mshtakiwa wa kuiba kuku husomewa shtaka kwanza.

3. Kuhusu Katuni Chap na alama zake tano. Hii programu ina midomo sita iliyochorwa tayari, inaibandika usoni mmoja baada ya mwingine bila kujali unasema nini. Jino langu la mbele upande wa kushoto halipo, ofisi nzima inajua, na silionei haya. Katuni Chap imenirudishia hilo jino pamoja na mengine kama manane ambayo sikuwahi kuwa nayo. Tena inasema "mwanangu" mdomo ukiwa wazi. Ndugu Mhariri, jaribu hapohapo ulipo kusema "mwanangu" mdomo ukiwa wazi, usijali wanaokutazama. Umeona? Na kiumbe huyu amenizidi alama tatu.

4. Kuhusu Mdomo Tayari. Nitakuwa mkweli, midomo yake ni mizuri. Unaipa sauti, inaisikiliza, ikifika kwenye m na b inafunga, kwenye o inaviringa. Sina neno. Lakini macho! Inapepesa kila baada ya sekunde mbili, nimeihesabu kwa saa ya ukutani, na nyusi inazirusha juu kila neno la pili. Nilimwonyesha mwenzangu wa Dirisha Namba Tano, mama mmoja mwenye maneno mengi, akasema huyu mtu ama ameuza kiwanja cha watu ama yuko njiani kukiuza. Saba, jamani!

5. Kuhusu Uso Hai, na hapa naomba usome polepole. Programu hii inafanya kazi hivi: mtu anakaa mbele ya kamera, na kila anachofanya kwa uso wake, picha iliyo kwenye kioo cha kompyuta inakifanya. Aliyekaa mbele ya kamera ni binti yangu. Yeye ndiye aliyecheka, ndiye aliyeinua nyusi, ndiye aliyelegeza macho, na mimi kwenye kioo nikafuata. Kwa hiyo zile tisa si za programu, ni zake mwenyewe akiwa amevaa uso wangu. Mtihani gani huo, mwanafunzi anamfanyia mwenzake halafu anamsahihishia? Na tukiacha utani, niliumia. Mtoto alitaka baba anayefurahi kumwona, akakaa peke yake chumbani akamtengeneza kwa uso wake mwenyewe. Hilo sikulipenda, na sitaliongezea neno.

6. Kuhusu madhara. Mke wangu ameiweka ile video ya Uso Hai kwenye simu yake, na anaiegemeza kwenye kopo la chumvi akiwa anapika. Juzi nimeingia nikamsalimia, akaniambia subiri kwanza, akamalizia kukaribishwa na simu. Kama haitoshi, amemwagiza binti yake amtengenezee sentensi ya pili: "Chakula kitamu, mama watoto, asante." Miaka thelathini na moja nimekula chakula cha mwanamke yule na sijawahi kubakiza hata punje. Sahani tupu si maelezo? Ofisini nako mambo yameharibika. Mlinzi wa mlangoni anawaambia waombaji, nendeni Namba Nne, siku hizi yule mzee anacheka. Wanajipanga, wananikodolea macho, wanasubiri. Mkuu wetu naye ameuliza, eti kwa nia njema, kama hicho kitu kinaweza kuwekwa dirishani siku nikiwa na udhuru.

7. Kwa hiyo, na niruhusu nifuate hesabu zako mpaka mwisho wake, kama Uso Hai ni baba kwa tisa na mimi ni baba kwa mbili, basi kazi zote ziende kwa mwenye alama. Aamke yeye saa kumi na moja kupanga ndoo kwenye foleni ya maji. Aende yeye kwenye kikao cha ukoo akamsikilize shemeji yangu kwa saa tatu akieleza jinsi alivyonusurika kuwa tajiri. Dawa yangu ya mgongo apakwe yeye. Na Jumamosi abebe masanduku mawili ya binti yetu mpaka chini, moja limejaa vitabu, la pili sijui lina nini ila haliinuki. Tutaona kama litainuka kwa nyusi.

8. Ushahidi kwamba uso wangu una hisia. Siku binti huyu alipozaliwa niliinua unyusi wa kulia; mkunga aliona, na kama amestaafu hilo si kosa langu. Alipofaulu mtihani wake wa mwisho nilimeza mate mara mbili mbele ya walimu. Na mwezi uliopita, barua ya mkataba ilipofika, akatusomea mezani, mama yake akapiga vigelegele, yeye akanigeukia akauliza, "Baba, umefurahi?" Nikajibu, "Nimesikia." Ndugu Mhariri, ile "nimesikia" ilikuwa imejaa furaha mpaka inamwagika. Kisha nikatoka nikakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa dakika arobaini. Mtu asiye na furaha hawezi kukaa juu ya ndoo dakika arobaini, tena ndoo yenyewe ina ufa.

Kwa sababu hizo naomba jedwali lifutwe. Nipimwe upya na watu wasionijua, huyo mama wa Dirisha Namba Tano akae mbali. Na Ijumaa gazeti lako litangaze kwa herufi za kusomeka kwamba uso wa mlalamikaji ni mzima, unafanya kazi, na yeyote aliyeuona hausomeki akapimwe macho. Naambatanisha picha yangu ya kitambulisho, ambayo ilikubaliwa mara ya kwanza ilipopelekwa.

Nisalimie jamaa wote hapo kazini: fundi wa mitambo, bibi anayetunga mafumbo ya maneno (mwambie lile la wiki jana lilikuwa na kosa), na muuza magazeti wenu wa kona yetu, ambaye alinikabidhi nakala yangu huku akiziba mdomo kwa kiganja. Familia yako pia, ikiwa nyumbani kwako hawajakuwekea mashine mahali pako.

Ni mimi, kwa heshima zote na bila kutabasamu,

Karani wa Dirisha Namba Nne
(Baba mzazi, nafasi ya nne)

N.B. Barua hii niliiandika Jumatano na leo ni Jumamosi mchana, kwa hiyo najua imechelewa. Sababu ni hii. Alhamisi binti alikwenda kumuaga shangazi yake, akaacha kompyuta mezani na Uso Hai ikiwa wazi, mimi niko kwenye kioo nimetulia. Nikasema, leo nitaiumbua. Nikakaa mbele ya kamera, nikasoma sentensi ile. Picha haikujitikisa. Chini pakatokea maandishi: Uso haujaonekana, tafadhali sogea karibu na kamera. Nikasogea. Nikasoma tena, kwa furaha yangu yote. Uso haujaonekana. Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo, ikaniuliza kama kuna mtu.

Basi nikaiacha ile sentensi nikasema yangu. Nikasema nenda mwanangu, kafanye kazi, mimi ninakuringia mpaka kwa watu nisiowajua, ila miaka mitatu ni mingi na nyumba hii itakuwa kubwa mno. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni na viatu mkononi. Hakukitazama kioo hata kidogo. Akaja akanitazama mimi kwa karibu, akasema, "Baba, usijifute, subiri," akanipiga picha kwa simu.

Programu ile haina machozi, Ndugu Mhariri. Nimepekua orodha yake yote: kuna furaha, hasira, mshangao, kusinzia, hata kupiga chafya, machozi hayamo.

Binti akachukua gazeti lako, akakata ile mbili kwa kalamu, akaandika tatu. Nikambembeleza aweke nne, akasema nne ni za mtu mwenye nyusi. Asubuhi ameondoka. Masanduku niliyabeba mimi. Kwa hiyo madai yangu yote nayaondoa, namba moja hadi nane, jedwali liache kama lilivyo. Lililobaki ni sahihisho dogo tu: pale penye mbili, andika tatu. Na ile picha ya kitambulisho nimeitoa, badala yake naambatanisha aliyonipiga yeye. Dirishani kwangu ningeikataa.