Bwana Kiti Anakula Mbichi

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya tatu ya ndoa. Mke wangu! Naandika tena kwa kuwa kalamu yenyewe inapenda: mke wangu! Asubuhi alinifunga vifungo vya shati huku mswaki uko mdomoni mwake. Povu likanidondokea kifuani. Nikaenda kazini na doa lile kama nishani. Mimi, mpiga pasi wa duka la dobi, niliyezoea kuwanunia watu kwa madoa yao!

Furaha hii ina dosari moja tu. Picha za harusi zimekuja. Ni nyingi, ni nzuri, na mimi simo. Bibi harusi anakata keki, kando yake kiti. Bibi harusi anacheka na shangazi zake, kando yake kiti. Kiti kimefungwa utepe mweupe, kimetulia, kina heshima zake. Wakati huo nilikuwa chooni nyuma ya ukumbi, na suti yangu mwilini, nasikiliza vigelegele vyangu mwenyewe.

Tumbo langu hili! Likishiba linauma. Likiwa na njaa linauma. Likifurahi ndiyo balaa kabisa, na siku ya harusi lilifurahi kupita kiasi.

Mpiga picha alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu. Angeweza kusubiri. Hakusubiri! Picha kubwa kuliko zote, ya mke wangu na kiti, ameitia fremu na kuitundika sebuleni kwa mama mkwe. Wageni wanauliza nilifariki lini. Tangu hapo shemeji ananiita Bwana Kiti. Leo alipiga simu dukani akaomba kuzungumza na Bwana Kiti, na bosi akanipa simu bila hata kuuliza anatafutwa nani.

Lakini kuna habari njema. Jumapili tunarudia picha! Bibi aliyemlea mke wangu yuko kwa mama mkwe, na Jumatatu anarudi kwake, mbali. Amesema haondoki bila picha ya mjukuu wake na mume mwenye miguu miwili, maana yule wa miguu minne ameshamwona.

Mke wangu ameninong'oneza kwamba anataka kitu kimoja tu duniani: picha moja ambayo mimi nimo. Kisha akainamisha macho. Kwa macho yale ningevuka jangwa. Jangwa lenye vyoo njiani, lakini ningevuka.

Jumanne, 5 Machi

Kwa daktari. Alinibonyeza tumbo, likamjibu kabla yangu. Akasema utumbo wangu ni mwepesi wa hasira. Nile vitu vilivyochemshwa vikalainika: viazi, karoti, wali wa majimaji. Kidogo kidogo, nikiwa nimekaa, bila haraka. Mboga mbichi niziache kabisa mpaka tumbo litulie.

Niliitikia kila neno. Mtu mwema sana. Ila maisha hayajui! Nani achemshe? Mimi natoka nyumbani jua halijanawa uso. Mke wangu ni msusi, anaondoka na vichwa vya asubuhi, anarudi na vichwa vya jioni. Eti nile nimekaa! Mashine ya pasi ya mvuke haijamwona mtu aliyekaa tangu iundwe.

Mchana akaja mteja wa suti nyeupe. Ngozi inang'aa kama sahani iliyooshwa. Nilimlalamikia tumbo, akaegemea kaunta, akanifungua macho. Moto unaua chakula, alisema. Chakula kilichopikwa ni maiti! Yeye hajawasha jiko miaka na miaka. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mbuzi akilalamika tumbo. Nikafikiri sana. Kweli, mbuzi kwa daktari sijapata kumwona.

Mpango umezaliwa! Mbichi tupu hadi Jumapili. Hakuna kupika, kwa hiyo hakuna muda unaopotea. Tumbo linapona, mke wangu anapata picha, shemeji anafumba mdomo. Sijui kwa nini madaktari wanasoma muda mrefu hivyo.

Nimemweleza mke wangu yote, hata maneno ya daktari. Alicheka mpaka akakaa ndani ya beseni la nguo. Alipopata pumzi akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia mwanamume ni msimamo. Akasema, "Haya, baba." Haya, baba! Jinsi anavyolitamka! Nimelirudia kimoyomoyo mpaka usingizi unanijia.

Jumatano, 6 Machi

Kuna jambo mteja hakulitaja. Kutafuna! Karoti mbichi haimezeki. Kabichi ndiyo kwanza inaongezeka mdomoni. Muda wote niliookoa jikoni umeliwa na meno.

Mama mmoja alikuja kuuliza gauni lake nami mashavu yamejaa kabichi. Nikamnyooshea kidole upande wa magauni. Kumbe na mlango uko upande huohuo. Alimwita bosi, akamwambia hajawahi kufukuzwa dukani kwa kidole. Bosi akaniuliza, mbele za watu, kama yeye ameajiri mtu au amefuga mbuzi. Nikachukulia kama sifa.

Mchana tumbo lilianza kunguruma. Mteja akatazama juu, akakumbuka nguo alizoanika nyumbani, akaondoka mbio. Na mimi nikaondoka mbio, upande mwingine. Niliporudi, mashine ilikuwa bado imeibana suruali ya mwalimu mkuu. Sasa ina mng'ao mahali ambapo mwalimu mkuu hapaswi kung'aa.

Jioni mke wangu alinikuta nimelala sakafuni mbele ya choo. Nilimwambia naokoa nauli. Hakucheka. Alinifuta jasho kwa kanga yake mwenyewe, akasema kuanzia kesho mboga zangu anaziandaa yeye. Atazisaga ziwe juisi nzito, atie kwenye chupa, ninywe kidogo kidogo. Hakuna kutafuna! Nimeoa mwanamke au malaika anayejua kusuka?

Alhamisi, 7 Machi

Maajabu! Juisi ni laini, tamu, inateleza kooni kama siri. Tumbo kimya. Kutwa nzima sikwenda kokote. Choo cha duka lazima kinajiuliza kimenikosea nini. Mbichi ni dawa!

Mke wangu aliamka kabla yangu. Jikoni kulikuwa na joto, kioo cha dirisha kinatoka jasho, sufuria imefunikwa na inabubujika. Nilimuuliza. Akasema karoti zinaoga, maji ya moto yanaondoa vijidudu. Usafi wa mwanamke huyu! Nikasema mbona zinaoga muda mrefu. Akasema zilikuwa chafu sana.

Shemeji alipiga simu. Harusi yake ni mwezi ujao na bado ana muda wa uchokozi. Ameuliza kama Jumapili nitaletewa majani kwenye sahani au nitajilisha mwenyewe uani. "Kamba tunayo, Bwana Kiti, wewe njoo tu." Nilikata simu kwa hadhi. Kisha nikakumbuka jibu zuri, nikampigia tena. Hakupokea.

Ijumaa, 8 Machi

Suti inafunga! Tumbo limeshuka, kifungo kimekwenda nyumbani kwake bila kusukumwa. Mke wangu alinizunguka, akaninyoosha kola, akasema nimependeza. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena. Nimechelewa kazini kwa sababu niliomba mara nyingi.

Leo nilisafisha suti nyeupe ya mteja wangu. Kanuni ya dobi: pekua mifuko kwanza, na kila unachokikuta kinarudi kwa mwenyewe ndani ya bahasha. Kwenye mfuko wa ndani nilikuta mfupa wa paja la kuku umefungwa kwenye tishu. Umetafunwa kwa ustadi. Harufu ya mkaango bado iko. Bila shaka ana paka. Mtu anayembebea paka wake mfupa ndani ya suti nyeupe ni mtu wa kuaminiwa kwa lolote. Nikautia kwenye bahasha.

Hapo wazo likanipiga. Ukweni kwangu wote ni watu wa vikaango. Wanaugua bila kujua! Jumapili nitawapelekea ndoo nzima ya juisi mbichi, kwa mikono yangu. Shemeji ataomba kikombe cha pili, nami nitampa nikiwa nimesimama, kwa miguu miwili. Mke wangu simwambii. Namtakia mshangao.

Jumamosi, 9 Machi

Tulipofunga duka nilibaki na mashine ya kusagia niliyoazima kwa muuza matunda. Papai na mbegu zake, kabichi, bitiruti, ukwaju wa kutosha, vitunguu saumu vya ziada. Sikuviogesha kwa maji ya moto kama mke wangu. Haraka! Ndoo nayo ni ile ya kulowekea soksi za wateja, lakini niliisuuza.

Nilionja kijiko. Jicho moja likajifumba lenyewe. Nguvu hiyo!

Nafasi iliyobaki ilikuwa tu kando ya boila, tangi linalochemsha maji ya mvuke wa pasi. Nikaiacha hapo, kwenye joto zuri, na mfuniko juu. Ilale salama.

Jumapili, 10 Machi

Nilipitia dukani asubuhi. Mfuniko umevimba! Juisi inatoa mapovu bila moto, tena inanong'ona. Chakula hai, kama alivyosema mteja!

Mke wangu alinisubiri kwa mama mkwe, amevaa gauni la harusi. Nilisahau jina langu. Aliitazama ndoo, akauliza ni nini. Nikasema zawadi. Akanipa chupa yangu, akanishika mkono kwa nguvu, akanisihi nisinywe kitu kingine leo. Wivu kidogo, nadhani. Naupenda.

Bibi alinizunguka, akaitazama miguu yangu, akatangaza ni miwili kweli. Akaniita "mume wangu", akamwambia mjukuu wake tangu leo wao ni wake wenza na zamu ya kwanza ni yake yeye, mke mkubwa. Nilimpa kikombe. Akakinusa. Akasema meno hana lakini pua anayo, akakirudisha.

Wengine hawakuniangusha. Mama mkwe alimaliza kwa adabu. Baba mkwe alimaliza kwa kuwa mama mkwe alimtazama. Shangazi wawili wakagongesha vikombe. Shemeji alisema hiyo ni mboji. Nikamwambia kwa upole kwamba kikombe kimoja huwashinda wengi. Akanywa vitatu! Sijapata furaha kama ile tangu harusi, yaani tangu ile sehemu ya harusi niliyoiona.

Tukala chakula cha mchana. Mimi nilibaki na chupa yangu. Kisha viti, vimefungwa utepe kama siku ya harusi, vikapangwa uani safu mbili. Shemeji akasimamisha kamera kwenye stendi, akaitega ipige yenyewe mfululizo, apate kuingia na yeye. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Akakimbia, akakaa. Uso wake ukabadilika. Akasimama, akapita mbele yetu akitembea kama mtu aliyebeba yai, akatokomea ndani.

Mama mkwe akauliza kulikoni, halafu jibu likamfikia na yeye. Shangazi wa kwanza akavua viatu, wa pili hakupata nafasi ya kuvua. Nyumba ile ina choo kimoja! Baba mkwe, mtu wa maneno machache, alisikika mlangoni akiyatumia yote: "Toka, mwanangu! Toka! Mimi ndiye niliyeijenga!"

Kamera haikujua hayo. Ikapiga.

Mimi nimesimama wima, kifungo kimefungwa, tumbo shwari kama maji ya mtungini. Bibi katikati yetu, anacheka ufizi wote nje. Mke wangu amenishika bega, shela imemwangukia puani, machozi ya kicheko yanamtiririka. Na pande zote, nyuma na mbele, viti. Viti vitupu, vimefungwa utepe.

Mimi nimo!

Jumatatu, 11 Machi

Bibi ameondoka na picha yake mkobani. Kabla ya kuondoka aliamuru fremu ya kiti ishushwe na hii ipande mahali pake. Mama mkwe akaishusha bila neno. Nguvu za neno hakuwa nazo. Shemeji ametuma ujumbe. Bwana Kiti amekufa, anasema, sasa naitwa Ndoo. Wivu mtupu.

Jioni mke wangu alinikalisha kitandani, akanishika mikono miwili. Akakiri. Tangu Alhamisi, karoti na viazi vyangu vimechemshwa vikalainika, kisha vikasagwa na kupozwa kwa feni nisijue. Sawasawa na alivyosema daktari. Juisi ya ndoo ndiyo mbichi ya kweli, na tumeona kazi yake. Akaniomba nisikasirike.

Nikasirike! Mwanamke anaamka gizani kunichemshia karoti, kisha anazipepea kwa mapenzi! Nililia kidogo. Yeye akalia kidogo. Nikamwambia nimeelewa.

Na nimeelewa kweli. Karoti zilikuwa mbichi zilipoingia sufuriani. Viazi vilikuwa vibichi. Hata maji yalikuwa mabichi kabla hayajachemka. Kwa hiyo ni mbichi iliyoniponya, imepitia tu mahali penye joto. Mteja wa suti nyeupe alikuwa sahihi tangu mwanzo. Leo alikuja kuchukua suti, nikamkabidhi na bahasha yake. Aliifungua, akaifunga haraka, akaondoka bila chenji. Nikamwambia amsalimie paka.

Halafu nimekumbuka harusi ya shemeji, mwezi ujao. Nimesikia bado hawajampata mtu wa vinywaji. Nimejitolea! Iwe mkono wa amani. Nimemweleza mke wangu. Amevuta pumzi, akasema, "Haya, baba."

Mimi si mtu wa kurudia kosa. Safari hii ndoo nitaiogesha kwanza, kwa maji ya moto.