Kifungo cha Koti Kwenye Sigara ya Umeme

Jumatatu, 3 Novemba
Sigara yangu ya umeme imenigomea. Kitufe nikikibonyeza kinazama, hakirudi juu. Moshi hakuna. Nimelala nimechoka, nimeamka nimechoka, na sasa hili! Binti yangu aliponinunulia alinipa sharti: hii ikiharibika ndiyo mwisho, hakuna nyingine, wala zile za karatasi. Nikaapa haraka, nilikuwa na hamu. Jumapili anakuja kunitazama. Wifi yangu, ninayeishi naye nyumba moja, ameuliza mbona leo sitoi moshi. Nimemwambia ashughulike na meno yake.

Jumanne, 4 Novemba
Kwa fundi simu. Ngazi arobaini na moja! Magoti yamenisema njia nzima. Fundi ameinusa, akasema ni ile dawa tamu ya kutolea moshi imeganda pembeni mwa kitufe. Nipanguse kwa pamba na spiriti, basi. Pamba na spiriti! Kwani ni kidonda? Akaongeza kwamba naimiminia dawa kama anayemwagilia maua. Mimi, niliyeshona miaka arobaini! Nimefungua cherehani ngapi nikazirudisha? Mara moja tu skrubu ilibaki, na cherehani ilitembea. Nimempokonya kitu changu nikaondoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Novemba
Mafuta ya cherehani. Matone matatu. Kitufe kikaruka juu! Nikavuta. Ladha ya cherehani tupu. Nimekohoa mpaka wifi akaja kunipiga mgongoni, na alinipiga kwa moyo wote. Jioni kimezama tena.

Ijumaa, 7 Novemba
Jana sikuandika, nilinuna. Leo nimekichokonoa kile kitufe kwa kifumulio cha nyuzi mpaka kikatoka. Nimemwaga mkebe wangu wa vifungo kitandani, nikachagua kimoja cheusi, kinene, cha koti la marehemu mume wangu. Gundi kali. Kimekaa! Wifi amesema kama jicho la ng'ombe. Kijicho ni chake. Moshi unatoka tele. Kasoro moja ndogo: hauachi kutoka. Kifungo kinajibonyeza chenyewe, kinatulia, kinajibonyeza tena.

Jumapili, 9 Novemba
Binti amefika saa nne, nami sijachana hata nywele. Nikaitupia sigara kwenye droo ya cherehani. Akauliza habari zake. Nikasema nzima, kama jana imetoka dukani. Hapo droo ikaanza kufuka! Wifi alinyoosha kidole tu, mbaya yule. Ndani, sketi ya huyo wifi niliyokuwa nampunguzia kiuno ina tundu la kupitisha ngumi.

Binti akaishika sigara kwa kitambaa. Akaangalia kile kifungo. Kisha akauliza koti la baba limefikaje kwenye sigara. Amecheka au amelia, sikuona vizuri, moshi ulikuwa mwingi. Ameondoka nayo. Sharti ni sharti. Kifungo amekibandua akakitia pochini mwake. Nimemwambia wala sikuwa nimeizoea.

Jumatatu, 10 Novemba
Siku ndefu. Mikono haijui pa kukaa. Sketi nimeitia kiraka, wifi hajashukuru. Kifaa chake cha kumsaidia kusikia kinakwaruza, kitufe kimelegea, anataka kumpelekea yule fundi. Nimemwonea huruma. Ngazi arobaini na moja, kwa miguu ile! Nimemwambia akivue, aniwekee hapa mezani. Mkebe wa vifungo upo. Na mafuta yamebaki nusu chupa.