Bastola Isiyotakiwa Kupona

Ilikuwa Jumatano, saa nne na robo asubuhi. Mvua nyepesi ilikuwa imekoma mjini Mbale, na mlima Wanale ulikuwa umejifunika wingu hadi mabegani. Siraj wa Mafubira alisimama barazani mwa duka la vifaa vya ujenzi katika mtaa wa Nabuyonga, viatu vyake vikiwa vimeng'aa kuliko nia yake, akamsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenye duka:

"Nataka kitu kinacholia. Ngedere wananimalizia mahindi. Nimewapigia debe mpaka wamelizoea. Siku hizi wakilisikia wanakuja mbio, wanadhani ni kengele ya chakula."

Mwenye duka alisema hana kitu cha namna hiyo. Siraj alisema moyoni kwamba kila kiumbe kina riziki yake, na kwamba riziki yake ya leo imekuja ikiwa imevaa kitambaa cha kijani kichwani.

Inafaa kuueleza mtaji wa Siraj mapema, kwa kuwa ulikuwa mmoja tu na uliingia mfukoni. Ulikuwa bastola ya silinda yenye matundu sita, nyeusi, nzito, yenye sura ya kumtia mtu adabu. Haikuwa silaha. Ilikuwa bastola ya kuanzishia mbio, ile inayopigwa kwa fataki wakati wanariadha wameinama kwenye mstari. Mtutu wake ulizibwa kwa chuma tangu kiwandani. Siraj, aliyekuwa fundi wa cherehani mjini Jinja kabla ya kuchoshwa na uaminifu, alikuwa amekisaga kwa tupa kijino kinachoisukuma silinda, na tangu siku hiyo bastola haikulia tena. Hapo ndipo palipokuwa na hekima yote. Bastola inayolia bila kutoboa kitu ni aibu. Bastola isiyolia kabisa ni silaha yenye kasoro, na kasoro husameheka.

Kazi ilikwenda hivi. Siraj aliiuza kwa siri. Mnunuzi aligundua kasoro, akapiga simu kulalamika. Kesho yake, badala ya fundi, alifika mwenzake Siraj aliyeitwa Adrisi, amevaa koti la khaki la mitumba na buti, akifoka kwa Kiswahili. Katika miji hii, mtu anayefoka kwa Kiswahili haombwi kitambulisho. Wazee wanaikumbuka miaka ambayo lugha hiyo ilikuwa ya wanajeshi na ilitembea na bunduki, na vijana wameirithi hofu pamoja na mashamba. Mnunuzi aliitoa bastola kwa mikono miwili na kumshukuru Afande kwa kutomfunga. Kwa njia hiyo bastola moja ilikuwa imeuzwa mara nne katika miezi mitano, na kila mara ilirudi nyumbani kama kuku jioni.

Mauzo ya tano yalikuwa yamekwisha kupangwa. Wamboga, tajiri wa saruji huko Mafubira, Jinja, alikuwa amejigamba mwaka mzima kwamba anayo bastola, na sasa rafiki zake walitaka kuiona. Aliahidi milioni tatu, akatanguliza laki tano, akataka mzigo ufike Jumamosi saa kumi. Tatizo lilikuwa moja. Wamboga alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Hadijah, mama yake Siraj, aliyeamini kwamba mwanawe anauza vipuri vya cherehani. Siraj aliwaogopa polisi kwa kiasi. Alimwogopa mama yake bila kiasi. Mzigo usipofika, Wamboga angekwenda kuuulizia kwa Bi Hadijah.

Hata hivyo, kati ya Jumatano na Jumamosi zipo siku mbili, na mtaji uliolala ni mzigo. Siraj akamfuata mwanamke yule.

"Mama, shida yako nimeisikia," alisema, akafungua mkoba nusu. "Ngedere akiiona hii anaandika wosia."

"Inalia?"

"Mama, hii inaua! Ilikuwa ya afisa mmoja mkubwa sana, jina lake silitaji."

"Sikuuliza kama inaua. Inalia?"

"Kama radi."

"Basi ilize."

"Hapa mjini? Mama, polisi watafika kabla ya mwangwi."

Mwanamke aliigeuza bastola ndani ya mkoba, akauchungulia mtutu kwa jicho moja, akatabasamu kidogo kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani. Siraj alilitafsiri tabasamu hilo vibaya. Mwanamke aliitwa Akeyo, mjane kutoka Kisumu, muuza mablanketi, na shamba lake lilikuwa chini ya Wanale. Alianza kubishana bei kwenye milioni moja na nusu, akaishia laki sita, na alipomaliza Siraj alijikuta akimwomba radhi. Kisha Akeyo akaandika risiti mwenyewe: *Bastola moja, matundu sita, inalia.* Siraj hakuwahi kuona risiti katika biashara ya aina hii. Alitia sahihi kwa jina la uongo na mwandiko mzuri.

Alhamisi, saa moja asubuhi, simu ililia.

"Wewe kijana wa radi," alisema Akeyo. "Nina kasoro nne, sikiliza. Silinda haizunguki. Nyundo inagonga pembeni. Kifyatulio ni kigumu kama mlango wa ghala. Mpini unacheza. Leo ngedere mmoja alikaa akanitazama nikihangaika, akamenya hindi langu, akala. Unakuja saa ngapi?"

"Saa tano, Mama," alisema Siraj kwa sauti ya huruma, akamwamsha Adrisi.

Saa tano kamili Adrisi aliingia dukani mwa Akeyo kama mafuriko. Siraj alikaa mkahawani ng'ambo ya barabara na kikombe cha chai, tayari kufurahi.

"Wewe mama! Simama hapo hapo!" Adrisi alifoka. "Bunduki iko wapi? Toa! Mimi nimetumwa na wakubwa!"

Wateja wawili waliinua mikono. Wa tatu alijilaza chini ya mashuka na kuanza kusali kwa Kilumasaba, lugha ya kwao. Akeyo aliendelea kukunja blanketi.

"Karibu, Afande. Unataka la mtu mmoja au la watu wawili?"

Adrisi alipepesa macho. "Mama, mimi nasema Kiswahili!"

"Nakusikia. Hata mimi nasema Kiswahili. Kwetu ndicho tunachonunulia nyanya. Punguza sauti, baba, wateja wangu wanalala chini."

Hapa msomaji mwenye huruma amwonee Adrisi huruma. Miaka mitatu alikuwa amekivaa Kiswahili kama silaha, na hakuwahi kufikiri kwamba nusu siku ya safari kuelekea mashariki watu hukitumia kuulizia bei ya vitunguu.

"Kuwa na bunduki bila kibali ni kosa kubwa," alisema, kwa sauti iliyokwisha kushuka.

"Ni kosa kweli. Lakini hii si bunduki." Akeyo aliiweka bastola mezani. "Marehemu mume wangu alianzisha mbio za shule kwa miaka kumi na tisa. Bastola yake ilikuwa ndugu ya hii. Mimi nilitaka kelele, nikaiona, nikainunua. Nimeuziwa mbovu, na risiti ninayo. Afande, umekuja wakati mzuri. Mkamate aliyeniuzia."

"Nimkamate... nani?"

"Yule pale, aliyejificha nyuma ya kikombe."

Adrisi alitazama ng'ambo. Siraj alitazama chai. Barabara nzima ilitazama wote wawili. Afande asingeweza kukataa kukamata bila kuacha kuwa Afande. Na mtu mwenye koti la khaki anayeacha kuwa Afande mbele ya watu arobaini ana maswali mengi ya kujibu. Adrisi alivuka barabara, akamshika rafiki yake ukosi.

"Uko chini ya ulinzi," alinong'ona. "Nisamehe."

"Pumbavu," alinong'ona Siraj. "Usinivunje kifungo."

Akeyo aliamua adhabu papo hapo, na Afande akaithibitisha kwa kutikisa kichwa: mshtakiwa angeirekebisha bastola shambani, mpaka matundu yote sita yalie.

Ijumaa ilikuwa siku ndefu kuliko zote katika maisha ya Siraj. Alikaa chini ya Wanale kwenye kigoda, amezungukwa na vifaa vya marehemu, na wanawake sita waliokuwa wakipalilia walimtazama juu ya majembe yao. Hakuweza kukimbia. Hakutaka kutengeneza pia, kwa sababu kasoro ile ndiyo iliyokuwa uhai wa biashara. Kwa hiyo alitengeneza kwa uongo. Alikaza mpini, akapaka mafuta, akasema tayari. Akeyo alivuta kifyatulio. Kimya. Alinyoosha nyundo, akasema tayari kabisa. Kimya.

"Kijana," alisema Akeyo, "hata mimi nimeona kijino kimesagwa. Kimesagwa kwa tupa, tena na mtu mwenye mkono mzuri. Mtu huyo akitaka anaweza kukitengeneza kabla ya chakula. Asipotaka, wali ni wa waliomaliza kazi."

Wakati huo Adrisi alikuwa kwenye mahindi. Alipoona ngedere wa kwanza, mazoea yalimshinda.

"Wewe! Shuka! Toa hindi! Weka chini!"

Ngedere aliliweka hindi chini, na kabila zima likavuka kijito. Akeyo alimtazama Adrisi kwa macho mapya.

Saa saba njaa ilimshinda Siraj. Alivunja kipande cha chuma kutoka kwenye cherehani kuukuu, akachonga kijino kipya, akakipachika. Na hapo jambo la ajabu likampata: kazi ikamnogea. Alisahau Wamboga, akasahau mama yake. Alisawazisha springi, akalegeza kifyatulio, akaisugua silinda hadi ikazunguka kwa sauti laini kama saa ya ukutani. Akeyo alitia fataki sita. Milio sita iligonga Wanale, ikarudi, ikagonga tena. Wanawake walipiga vigelegele. Siraj alijikuta amesimama na machozi.

Kisha akakumbuka ni Ijumaa.

"Mama," alisema, "niuzie hiyo bastola."

"Kwa nini? Sasa ni nzima, naipenda."

"Ngedere wamekwisha kwenda. Nitakurudishia laki sita zako."

"Laki sita ilikuwa bei ya mbovu. Ya mbovu na ya nzima haziwezi kulingana, wewe ni fundi, unajua." Akeyo alitafakari, akataja milioni moja na laki moja. Ndicho kiasi kile kile, bila shilingi kuzidi wala kupungua, kilichokuwa katika koti la Siraj, lililotundikwa karibu na kiti cha Akeyo tangu asubuhi.

Siraj alilipa. Akeyo alimrudishia nauli ya Jinja, kwa kuwa hakuwa mwanamke mkatili. Adrisi hakwenda naye. Alisema koo linauma na anahitaji hewa ya mlimani.

Usiku kucha na Jumamosi asubuhi, Siraj alihangaika kuirudisha kasoro. Aliazima tupa, ikateleza juu ya kijino kipya kama mjusi juu ya kioo. Aliigonga bastola kwenye jiwe, jiwe likapasuka. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kiasi hicho, na hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Saa kumi Wamboga aliketi uani kwake na marafiki kumi na wawili. Aliipokea bastola, akaipima mkononi, akaagiza papai liwekwe juu ya kigoda, hatua tatu mbele yake.

"Mzee, nakushauri usiijaribu," alisema Siraj. "Majirani."

"Majirani ndio ninaotaka wasikie," alisema Wamboga, akafyatua.

Mara sita. Kuku walikimbia, mbwa walibweka hadi barabara kuu, mgeni mmoja alimwaga bia yake mapajani. Moshi ulipoondoka, papai lilikuwa limekaa pale pale, zima, lenye afya, hata jani lililolala juu yake halijasogea.

Kisha mgeni mwenye bia mapajani akasema, "Mheshimiwa, labda limekufa kwa ndani." Wote kumi na mmoja waliobaki wakaanguka vitini kwa kicheko.

Mlango wa nyumba ya tatu ukafunguliwa.

"Siraj!" iliita sauti ya Bi Hadijah. "Ni vipuri gani hivyo?"

Mambo yaliyofuata yalikuwa haya. Wamboga alilikata papai, akawagawia wageni, yeye hakula. Bi Hadijah alimlipa Wamboga laki tano zake, akaichukua bastola, akaitumbukiza chooni. Adrisi alipewa blanketi, chumba na mshahara chini ya Wanale, na sasa hufoka kuanzia alfajiri hadi jua linapozama. Akeyo alivuna magunia tisa. Ngedere walihamia shamba la jirani. Siraj aliruka uzio wa nyuma, akadandia lori la miwa hadi Iganga, na Jumatatu alionekana sokoni akiuliza, kwa utaratibu na heshima, bei ya koti jeupe la daktari.